Ada ya kumtoa mbwa isigeuke bei

Mhariri,

Mtu akihamishwa kituo cha kazi, au mwenye nyumba mpya akisema mbwa hawataki, tangazo hutoka siku hiyohiyo: mbwa anatafutiwa makao, mchango ni kiasi fulani. Mabishano nayo hayachelewi. Wengine husema kudai hata shilingi kwa mnyama usiyemhitaji tena ni biashara, wengine kwamba cha bure hakitunzwi. Pande zote mbili zimesahau kuuliza fedha hiyo inalipia nini, na inaingia mkononi mwa nani.

Ada ya haki ni ile inayorudisha gharama ya matibabu yenye risiti: chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, na upasuaji wa kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike. Chakula alichokula kwako miaka mitatu hakimhusu mpokeaji, kwa sababu kwa miaka hiyo mitatu alikulindia nyumba. Sifa za mbegu yake pia zisihesabiwe. Ukimpandishia fedha kwa kuwa ana damu ya Jamani (mbwa aina ya German shepherd), hapo unauza, basi sema unauza. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliyopata bure kwenye kampeni ya halmashauri, kama zile zinazofanyika kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, haina cha kurudishwa. Umeipata kwa fedha ya umma, nawe huwezi kuidai mara ya pili.

Njia safi kuliko zote ni anayetoa asishike fedha kabisa. Waende wote wawili kwa daktari wa mifugo, mpokeaji alipie pale huduma zilizobaki, aondoke na risiti na kadi ya chanjo yenye jina lake. Kwa Waislamu wa Pwani na Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Hadithi sahihi inakataza thamani ya mbwa, na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, hayaruhusu kumuuza hata mbwa wa ulinzi, ingawa yanaruhusu kumfuga kwa ulinzi, uwindaji na kuchunga mifugo. Kinacholipwa kwa daktari ni ujira wa kazi yake na bei ya dawa. Mbwa mwenyewe ametolewa bure.

Hoja kwamba asiyelipa hathamini ina udhaifu wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulilinganisha watu waliochukua paka kwa ada na waliochukua bila ada kutoka kituo cha wanyama, na haukuona tofauti katika mapenzi yao kwa paka hao. Mtu anayekusanya mbwa jike ili awazalishe na kuuza watoto atalipa ada yako bila kusita, kwani mtaji wake ataurudisha mara nyingi. Anayemzuia huyo ni jike aliyekwisha kufungwa kizazi, pamoja na maswali ya ana kwa ana. Je, uzio upo? Mwenye nyumba ameridhia? Nani atamlisha mbwa, mpokeaji akisafiri? Mbwa atafungwa mnyororo mchana kutwa? Nenda ukaone mahali penyewe kabla ya kukubali.

Kadi ya chanjo isomwe, isipokelewe tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mnyama akitimiza miezi mitatu, na kinga huchukua wiki tatu hadi nne kujengeka, hivyo kadi ya jana haimkingi mtoto wako leo. Watoto wa mbwa wasitengwe na mama kabla ya wiki 8. Chanjo yao ya kwanza dhidi ya parvo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha damu) na magonjwa mengine huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafike wiki 16. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa fedha huzaliwa: sindano imechomwa mara moja, mtoaji akasema kachanjwa, na baada ya siku chache mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu. Virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, kwa hiyo huenda ameviokota kwa mpokeaji ambaye mbwa wake wa awali alikufa hivyohivyo. Kila upande ueleze historia ya uwanja wake mapema. Kuhusu upasuaji, dume aliyehasiwa juzi bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa.

Makubaliano yaandikwe nakala mbili: tarehe, simu za pande zote, kiasi kilicholipwa na kwa huduma ipi, na muda wa majaribio wa siku 14. Mnyama akirudishwa ndani ya muda huo, fedha iliyofika kwa mtoaji irudishwe yote. Wiki mbili hizo mbwa asiachwe wazi, maana atarudi alikotoka na kugongwa barabarani. Kama anayetolewa ni paka, afungiwe ndani wiki mbili hadi tatu. Chakula kibadilishwe kidogo kidogo kwa siku 7, la sivyo tumbo litamharibika na mpokeaji atadhani kapewa mgonjwa.

Jambo moja halifichwi kwa ada yoyote: kama mbwa amewahi kuuma. Aliyeuma mtu asihamishwe kabla ya siku 10 za uangalizi kuisha, kwa kuwa akihamishwa hakuna atakayejua kama alionesha dalili za kichaa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo.

Wapo pia wanyama ambao fedha inapaswa kwenda upande wa pili. Mbwa wa miaka kumi, mwenye macho mabovu au ugonjwa wa ngozi usiokwisha, hana wa kumgombea. Anayemtoa ndiye alipe: chakula cha mwezi mmoja, dawa zake na gharama ya kumwona daktari kwa mara ya kwanza.

Mdau wa afya ya mifugo,
Tanga