Wifi, ziache hizo manda dukani

Wifi yangu wa Tanga,

Ujumbe wako wa kuuliza kama ununue vitu vya dukani upikie pita nimeupata, na zile picha mbili: pakiti ya manda za Kigiriki zilizogandishwa na boksi la jibini jeupe lililoandikwa feta, vyote vya duka kubwa la Dar, na bei zake zimeonekana vizuri tu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu hukuuliza peke yako. Tangu niliporusha ile picha ya sinia la pita, nusu ya ukoo inataka kupika na nusu nyingine inasubiri kuwacheka watakaopika. Jibu fupi: usinunue. Jibu refu ndilo hili, jimiminie chai kwanza.

Pita ninayoisema si ule mkate wa shawarma. Huku Ioannina, mji wa kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, na katika milima yote ya mkoa wetu wa Epirus iliyo nyuma yetu, pita ni sinia la duara lenye manda chini, manda juu, na katikati kile kilichopatikana siku hiyo: mboga za majani, jibini, liki, boga, nyama. Ile ya spinachi na jibini, spanakopita, ndiyo iliyosafiri mpaka ikafika kwenye menyu za hoteli, na ndiyo iliyokuponza ukadhani pasipo spinachi na feta hapana pita.

Wagiriki tuliosimuliwa utotoni Tanga walikuwa wenye mashamba ya mkonge. Waliozikuza pita hizi ni watu wa namna nyingine kabisa, wachungaji wa mlimani, Wavlachi na Wasarakatsani. Joto likiingia walipanda na kondoo milima ya Pindus, baridi ikikaribia wakashuka nao tambarare za Thessaly, familia nzima, vyombo mgongoni mwa nyumbu. Mwanamke aliye njiani hana duka. Ana unga, ana mafuta au siagi, ana jibini alilotengeneza mwenyewe, na majani yako kando ya njia. Mpaka leo mama mkwe wangu akitoka kunyoosha miguu majira ya machipuko hurudi na mfuko umejaa vitu ambavyo mimi ningeving'oa nikatupa: majani yanayowasha (yakichemshwa hayawashi tena), majani ya mpopi (ua jekundu la porini) ambao haujachanua, na mengine ambayo yeye mwenyewe huyaita tu "horta", majani. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba pita ina orodha ya vitu vya lazima.

Sasa hiyo feta yako. Tangu 2002 jina hilo limelindwa Umoja wa Ulaya: feta itengenezwe Ugiriki, tena katika mikoa iliyotajwa, kwa maziwa ya kondoo yasiyopungua asilimia 70, yanayobaki yawe ya mbuzi, na ikomae miezi miwili au zaidi. Kampuni za Denmark ziliendelea kutumia jina hilo kwa jibini la maziwa ya ng'ombe zilipouza nje ya Umoja, hadi 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba Denmark ilikosea kuliacha jambo hilo liendelee. Kwa hiyo geuza boksi usome nyuma. Likisema ng'ombe, unalipia jina tu. Na pita haili jina, inataka jibini jeupe lenye chumvi, la kuvunjika mkononi.

Hilo unaliweza jikoni kwako. Bandika lita 2 za maziwa. Yakitaka kupanda, epua, mimina maji ya ndimu au siki kidogo kidogo, vijiko vinne vya chakula hivi, mpaka yakatike na maji yabaki ya kijanikijani. Chuja kwa kitambaa, tia chumvi zaidi ya unavyodhani inafaa, lining'inize usiku kucha. Litakosa ule ukali wa maziwa ya kondoo, basi siku ya kupika livuruge na vijiko viwili vitatu vya mtindi mzito. Mama mkwe hataonja, kwa hiyo hatakasirika.

Manda za pakiti nazo zina matatizo yake. Ni nyembamba mno, za mashine, na zikiyeyuka zikagandishwa tena hushikana, ukizifunua zinapasuka vipande. Njia ya kutoka bandarini hadi friza ya duka lako unaijua kuliko mimi. Halafu wewe unasukuma chapati tangu darasa la nne, wifi, unaogopa nini?

Unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, siki kijiko kimoja, maji ya uvuguvugu robo lita. Hapa mafuta ni ya zeituni kwa kila kitu, lakini alizeti haiharibu. Siki huufanya unga uvutike vizuri bila kukatika. Kanda dakika kumi, funika, ondoka. Rudi baada ya saa nzima. Wengi hapo ndipo wanapoharakisha, kisha wanalalamika kwamba unga unajirudi kila wakiusukuma.

Wanawake wa hapa husukuma kwa plastis, fimbo nyembamba inayokaribia mita. Manda huzungushwa kwenye fimbo, viganja vinatembea kutoka katikati kwenda pembeni, fimbo inafunguliwa, unga unanyunyizwa, inazungushwa tena, mpaka manda moja inafunika meza. Kumtazama anayejua ni raha yake. Wewe achana nayo kwa sasa, kwa sababu wenyewe wana njia nyingine iliyo karibu zaidi na mikono yako. Gawa unga madonge kumi. Sukuma kila donge lifikie upana wa kisosi. Paka mafuta au samli, lalia jingine juu, paka tena, mpaka matano yawe pamoja, la juu kabisa usilipake. Fanya hivyo kwa matano mengine. Mafungu yote mawili yakae kwenye friji nusu saa, kisha sukuma kila fungu kwa pamoja mpaka lilizidi sinia. Moja ni la chini, moja la juu. Likiiva tabaka zinaachana zenyewe.

Kinachoharibu pita ni maji, na mboga zetu zina maji mengi. Mchicha, majani ya maboga au figiri, chukua kilo moja, katakata, tia chumvi, fikicha, acha robo saa, halafu kamua. Kamua kama shuka la kufua kwa mkono, ukidhani umemaliza kamua tena. Ndipo utie vitunguu vya majani, nanaa, mayai mawili na jibini gramu 300 hivi. Huku hutia pia anitho, jani jembamba lenye harufu kali. Ukilikosa, nanaa inatosha. Kabla ya kumwaga mboga, tandaza kiganja cha mchele mbichi juu ya manda ya chini, mchele ndio utakaonyonya maji yatakayotoka. Vijijini hutumia trahana, ngano iliyochanganywa na maziwa yaliyochacha ikaanikwa juani, kwa kazi hiyohiyo. Kisamvu nacho kinafaa sana, ila kitwangwe na kuchemshwa mpaka kiive kabisa kwanza, ndipo kiingie kwenye pita. Kibichi kina sumu, wala oveni haitoshi kuiondoa.

Wakati wa Kwaresima yao jibini na mayai hutoka, inabaki mboga, mchele, vitunguu na mafuta. Kusema kweli ile ya boga ya mfungo naipenda kuliko nyingi zenye jibini. Mwaka Mpya napo hapa Epirus nyumba nyingi huficha sarafu ndani ya pita ya jibini au ya nyama, wakati sehemu nyingine za nchi huificha kwenye keki. Kipande cha kwanza hukatwa kwa ajili ya Kristo, kisha vya nyumba na watu wake, kuanzia mkubwa. Usiwaambie watoto wako, watachimba sinia.

Na kama hata kukanda hutaki, zipo mbili zisizo na manda. Alevropita ni ya Zagori, vijiji 46 vya mawe kaskazini mwa Ioannina ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia 2023. Koroga unga gramu 250, maji kikombe kimoja na nusu, mayai mawili na chumvi kidogo, uwe uji mwepesi. Pasha sinia na mafuta ndani ya oveni mpaka lichemke, mimina uji uwe kama nusu sentimita tu, vunjia jibini juu, dondoshea siagi, oka nyuzi 220 mpaka kingo ziwe kahawia na zivunjike. Ikizidi unene inakuwa mkate mbaya.

Ya pili ni blatsaria, pita ya walioishiwa ngano, na kwako naiona ndiyo ya kuanzia. Sembe inaloweshwa kwa maji ya moto, mafuta na chumvi, inatandazwa kwenye sinia, juu mboga na jibini, kisha sembe nyingine inamwagiwa juu ikiwa nyepesi zaidi. Mafuta usiyaonee choyo. Inatoka na ukoko juu na chini.

Oveni yako najua imekufa na kaka yangu anaahidi fundi tangu Idi. Usimsubiri. Wachungaji hawakuwa na oveni. Walikuwa na gastra, mfuniko mzito wa chuma unaofunika sinia, makaa yanawekwa juu yake. Unayajua mambo hayo, ndivyo bibi alivyopalia mkate wa kumimina. Makaa machache chini, mengi juu, saa moja kwa pita ya manda. Kabla hujaifunika, chora vipande kwa kisu kwenye manda ya juu mpaka mboga zionekane, mvuke upate pa kutokea, na ikiiva usikate nje ya mistari hiyo. Ikitoka iache wazi, usiifunike kwa kawa wala kitaulo, hata nzi wakisumbua, pepea. Iliwe ikiwa vuguvugu.

Ukipika, nitumie picha ya upande wa chini. Wa juu kila mtu anaupiga.

Wifi yako wa Ioannina