Boti yangu haikugongwa bandarini

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako liliandika habari ya boti mbili zilizogongana jioni kati ya kisiwa cha Lamu na Mokowe, upande wa bara. Moja ni yangu. Habari ilikuwa fupi na karibu yote ilikuwa sawa: saa, idadi ya abiria, hata kwamba hakuna aliyeumia isipokuwa tenga la kuku lililotumbukia majini. Kasoro ni sentensi moja. Mliandika kwamba boti yangu "iligongwa upande wa bandari".

Tangu siku hiyo sina raha. Huku kwetu siku hizi ukitaja bandari, mtu hafikirii gati ya abiria wala diko la wavuvi. Mawazo yanakwenda Magogoni, kwenye ile bandari kubwa ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Mei 20, 2021. Hapo si mahali pa boti kama yangu kupitapita, hasa giza likiingia. Kijana mmoja akaniuliza mbele za watu, "Ami, bandarini ulifuata nini usiku?" Afisa mmoja naye akataka nimpelekee maelezo kwa maandishi, na alipoyapata akasema hayalingani na gazeti.

Kosa nimelijua lilikotoka. Fomu ya kuripoti ajali ni ya Kiingereza, na mimi uendeshaji wa boti nilifunzwa kwa Kiingereza. Penye kuulizwa ubavu uliopasuka nikajaza nilivyofunzwa: "port", yaani ubavu wa kushoto. Mwandishi wako akaichukua ile fomu, akafungua kamusi, akakutana na bandari, akatosheka.

Simlaumu sana, maana neno hilo lina ukoo mkubwa na si wa baba mmoja. "Port" ya bandari ni ya Kilatini, "portus". "Port" ya ubavu wa chombo imezaliwa humo humo lakini ikapitia njia ndefu. Zamani vyombo vya kaskazini mwa Ulaya havikuwa na usukani tezini, yaani nyuma. Viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, mkono wa kulia, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono huo. Ubavu huo ukaitwa wa kuongozea, na ndio "starboard" ya leo. Wanaodhani kwamba ni upande wa nyota wamedanganywa na masikio. Sasa chombo chenye kasia kuliani ukikilaza gatini kwa ubavu huo huo, kasia utalivunja. Basi kilifungwa kwa kushoto, na shehena ikapakiliwa huko, na ubavu huo ukapata jina la kupakilia: "larboard".

Yatamke maneno hayo mawili kwa sauti, mhariri, kisha fikiria unayasikia upepo ukivuma na tanga likipigapiga. Nahodha anapiga kelele, baharia anasikia "bodi" tu, na usukani unageuzwa anavyobahatisha yeye. Mabaharia wenyewe walikuwa wameshaanza kusema "port" badala ya "larboard", kwa kuwa ndio ubavu ulioelekea bandari chombo kikishafungwa. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wakaamuru "larboard" liachwe kabisa. Jeshi la majini la Marekani likafuata mwaka 1846. Kwa hiyo kwa nasaba ya neno mwandishi wako hakukosea hata kidogo. Alikosea kwa habari ya boti yangu.

Utaniuliza kwa nini nami sikuandika kushoto, yakaisha. Kushoto kwa nani? Abiria wangu hukaa wakitazamana, na kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. "Port" haibadiliki hata ukigeuka ukatazama tezi. Na maneno yetu ya tanga hapa hayasaidii. Mzee wangu alikuwa akisema goshini kwa ubavu unaokabili upepo, na demani kwa ule unaoukimbia. Hayo hufuata upepo: ukipindua tanga, kilichokuwa goshini kimekuwa demani. (Demani nayo ni kamba ya tanga, na ni msimu upepo wa kusi unapopoa, kwa hivyo tusiwacheke Waingereza peke yao.) Boti ya mashini haina goshi. Ningeridhika kabisa na "ubavu wa kushoto ukielekea omo", yaani mbele ya chombo, au hata "upande wa taa nyekundu", kwa kuwa ubavu huo ndio unaobeba taa nyekundu, na ule wa kulia kijani.

Kuna baba wa pili, naye ni "porta", yaani lango. Kwake limetoka tundu la duara kwenye ubavu wa meli, lile la kuchungulia ("porthole"), na yale matundu ya kutolea mizinga ya manowari za zamani. Mjukuu wangu akilalamika kwamba poti ya simu yake imekufa, haichukui chaji, ni lango hilo hilo. Mimi mtaa wangu ni Langoni, nilipenda sana nilipolijua hilo. Wa tatu ni "portare", kubeba, na huyo watoto wake ni wengi mno: mpagazi ("porter"), bidhaa za kuingia ("import") na za kutoka ("export"), hata michezo, kwa kuwa "sport" asili yake ni kitu kinachokubeba kikakutoa kwenye shughuli zako.

Upo pia mvinyo uitwao "port". Sijauonja wala sina haja nao, ila jina lake ni la Porto, mji wa Ureno ulio kwenye mlango wa mto Douro, na jina la mji huo maana yake ni bandari. Ureno yenyewe jina lake limetoka hapo, kwa "Portus Cale". Wareno ndio waliofika Malindi mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakatuachia meza, bendera na hilo neno mvinyo. Bandari hatukuichukua kwao. Tulikuwa nayo tayari kutoka kwa Waajemi, kama inavyosikika mpaka leo katika Bandar Abbas.

Ninalolipenda kuliko yote ni "opportunity". Vijana wetu hulisikia kila panapofanyika mkutano wa bandari mpya, na sisi husema fursa. Warumi walikuwa na neno "opportunus", na kwa asili ni sifa ya upepo: upepo unaokusukuma kuelekea bandarini. Mtu wa Lamu hahitaji kamusi kulielewa hilo. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja hapa kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na aliyekosa upepo alikaa akingoja miezi. Ningekuwa ndiye mfasiri kwenye mikutano ile ningewaambia hivyo, kisha nikawauliza wavuvi wa mlango wa bahari wa Mkanda, huku kwetu, upepo huo unawasukuma kwenda bandari ipi.

Lakini nimetoka nje ya barua yangu. Ninachoomba ni sahihisho, na ili kazi iwe nyepesi nimeliandika mwenyewe: "Boti iligongwa ubavu wa kushoto, karibu na omo, ikikaribia gati ya Mokowe." Fundi ameshabadilisha ubao na sasa anaziba nyufa kwa kalafati, Ijumaa itarudi majini. Mkilichapa nitanunua nakala tatu. Moja ni ya yule afisa, ya pili ni ya mtu wa bima. Ya tatu ni ya mke wangu, ambaye mpaka leo asubuhi alikuwa bado ananiuliza Magogoni kuna nani.

Mwenye boti,
Langoni, Lamu