Kwa vijana wa Siyu: hizo elfu thelathini mlizihesabu lini?

Wanangu,

Assalaam alaykum. Maandishi mnayorushiana kwenye simu juu ya historia ya Siyu, mji wetu wa kisiwa cha Pate huku Lamu, na watu wake yamenifikia, na yameniudhi. Mji umepewa mwanzilishi, umepewa mwaka, umepewa idadi ya watu, na hakuna hata mstari mmoja unaosema habari zimetoka wapi. Watoto wa shule wameshaanza kuyanakili kwenye madaftari.

Mnasema Siyu ya zamani ilikuwa na watu 30,000. Nani aliwahesabu? Sensa ya kwanza Kenya iliyowahesabu Waafrika ilikuwa ya 1948. Kaunti nzima ya Lamu, Kiunga hadi Witu, ilikutwa na watu 143,920 mwaka 2019. Ina maana mji wetu mmoja, kwa maji ya visima, ulibeba zaidi ya sehemu moja ya tano ya umma wote huo. Siyu ilikuwa kubwa, hilo silikatai. Mji mdogo haungeyarudisha majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Lakini ukubwa hupimwa. Zungukeni magofu kwa hatua, hesabuni misikiti, hesabuni visima. Kisha mkumbuke kwamba nyumba ya udongo na makuti haiachi ukuta, kwa hiyo anayehesabu mawe peke yake atawaacha nje mafukara na watumwa. Andikeni "mji mkubwa", na pembeni muandike mlichokiona.

Idadi ya leo nayo mmeikosea. Mmechukua hesabu ya kata ndogo mkaivisha kijiji. Kata ndogo ina vijiji vingine na mashamba ndani yake. Tena sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule mmoja, na mara ya mwisho ulikuwa usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Kijana wa Siyu aliyelala Mombasa ni wa Mombasa katika hesabu hiyo, na mvuvi aliyelala dagoni, kambi ya wavuvi, kahesabiwa huko huko.

Basi hesabuni wenyewe. Hapa nitasema kwa urefu, maana ndipo mnapoharibu.

Mwambieni kwanza naibu chifu na wazee wa mitaa. Choreni ramani ya kila mtaa kwenye karatasi, kila mlango na namba yake. Watu wawili kwa mtaa, na mmoja awe msichana, kwa sababu mchana mwenye kujibu ni mama wa nyumba, naye atamkaribisha binti ndani na kumwambia yote. Kazi iishe kwa siku mbili. Ikivuta wiki, watu watahama kati na mtawaandika mara mbili. Hesabuni kaya, si nyumba: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, na chini ya dari moja mnaweza kukuta kaya mbili.

Swali la kwanza: "Usiku wa jana nani wamelala hapa?" La pili: "Nani wa hapa amelala kwingine, na wapi?" Majibu yakae safu mbili, na safu hizo msizijumlishe kamwe. Ya kwanza ni waliopo, ya pili ni waliotoka. Kabla hamjaondoka, ulizeni tena juu ya wachanga na juu ya mgonjwa aliyelala chumba cha ndani, maana hao ndio husahauliwa. Mume wa wake wawili hutajwa kote kuwili, mwandikeni alipolala. Mzee msimuulize miaka, atawapa sitini au sabini kamili. Muulizeni kama vita vya Shifta, vile vya kaskazini mwa Kenya vya 1963 hadi 1967, vilimkuta ananyonya, anasoma chuo cha Kurani au ameshaoa.

Na semeni ukweli mlangoni kwamba hamgawi kitu. Watu wakidhani ni orodha ya chakula cha msaada, kaya ya watano itakuwa ya tisa.

Sasa Shanga, magofu ya mji wa kale jirani na Siyu. Mmeandika kwamba jina limetoka Shanghai, kwa mabaharia wa Kichina. Wanangu, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya miti ya karne ya 8, na vijisarafu vidogo vya fedha vyenye majina ya Kiislamu. Safari za Zheng He, nahodha mkuu wa merikebu za China, ni za 1405 hadi 1433. Wakati huo Shanga ilikuwa imeishi takriban miaka 600, na watu walikuwa wanaihama. Kwa nini kila mji wetu lazima utafutiwe baba kutoka ng'ambo? Kosa hili si lenu peke yenu. Tumewalea tukijisifia nasaba za mbali, na waliolima mashamba ya bara, waliokuwa watumwa mpaka sheria ilipoukomesha utumwa hapa mwaka 1907, hatukuwatajia hata kwa jina la shamba. Waandikeni. Ila msimtaje mtu aliye hai kwa nasaba hiyo bila idhini yake.

Mengine ni mafupi. Mwaka wa Hijria ugawe kwa 33, toa jibu kwenye mwaka wenyewe, ongeza 622: mwaka 1260 unawapa 1844, zama za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Maandishi ya kaburi yapigeni picha asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa upande, kivuli kitazitoa herufi. Msikwangue, msipake chokaa. Majina ya mitaa waulizeni bibi zenu. Hati za wakfu pigeni picha pale pale, zisitoke nyumbani mwa mwenyewe.

Daftari likimalizika liwe na tarehe na majina ya waliohesabu, na nakala moja ibaki madrasa. Kabla ya hapo, rudini kwenye makundi mlikotuma yale maandishi ya kwanza, na muwaambie watu kwamba hizo elfu thelathini hamkuzihesabu.