Mrudishe Idi nje

Tanga, Jumapili jioni

Mama Idi, shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama na miguu yake ndiyo hivyo hivyo. Ya kiwanja cha Bi Mwanahawa nitakupigia simu.

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Eti Idi "mzito", herufi zake hazikai kwenye mstari, na wewe sasa hutoki naye nje mpaka amalize kurasa mbili. Shoga, mtoto ana miaka 4!

Mimi chekechea ndiyo kazi yangu, nisikilize. Mwandiko hauanzii vidoleni, unaanzia begani. Mtoto akining'inia kwenye tawi, akitambaa, akisukuma tairi, bega linakaza. Bega likitulia, vidole navyo vinapata urahisi wa kuzungusha herufi a. Tena baadhi ya vifupa vya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu laini, havijawa mfupa mgumu. Kurasa mbili, jamani!

Kuna kabinti darasani kwangu kalikuwa kanachanganya b na d kila siku. Nikafunga daftari, nikachora b kubwa mchangani, kakatembea juu yake: shuka na mti, kisha zunguka tumbo, tumbo liko kulia. Kesho yake nikapanga matairi chini, turuke silabi. Ki-pe-pe-o. Kalipofika tairi la nne kakasimama, kakanigeukia: "Mwalimu, o iko peke yake!" Nilitaka kulia. Daftari halijawahi kukapa jambo hilo.

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 au 4 apate walau dakika 180 za kuchezesha mwili kwa siku, 60 kati yake ziwe za kuhema na kutoka jasho. Idi anapata ngapi?

Hofu yako naielewa, ada inauma. Lakini kumbuka sisi na mdako wetu nyuma ya msikiti hadi magharibi. Vidole vilijua kudaka kokoto kabla ya kujua penseli.

Hapo mnapokaa kuna hata kauwanja? Dada yake bado anaruka kamba, hawezi kumchukua? Hiyo tuisheni ya Jumamosi umeshalipa, au bado unaweza kuiacha? Desemba utamleta kwangu? Mwembe upo, na matawi ya chini yapo. Na umemuuliza, mkono unamuuma akiandika?

Nijibu upesi.

Wako,
Mama Rehema