Baada ya Wavu wa Shombo, Tunaomba Uwanja

Shikamooni wazazi na wakubwa zetu. Wadogo zetu mlioko mabwenini, poleni na masomo.

Sisi ni wachezaji wa zamani na wa sasa wa timu ya wavu ya wanawake ya chuo chetu hapa Mwanza, na tumekuja kwenu na karai mkononi. Tunataka kumwaga zege. Najua mtu akiona neno harambee macho yanakimbilia chini kutafuta kiasi. Kipo, nitakifikia. Ila wengi wenu mmetuchangia nauli na jezi miaka yote hii bila kuiona timu ikicheza hata mara moja, na naona ni haki mjue mlikuwa mnamchangia nani.

Timu ilianza kwa kuazima. Wavulana walikuwa na wavu, mpira na kiwanja cha udongo nyuma ya bwalo. Sisi tuliingia wao wakienda kuoga, tukacheza mpaka giza linatanda. Wavu wa wanaume hufungwa mita 2.43 kutoka chini, wa wanawake mita 2.24. Sentimita 19 ni urefu wa kalamu na ushei, lakini kamuulize aliyewahi kuziruka. Wenzetu hawakutaka tuushushe, eti kuufunga upya ni kazi, basi tukajifunzia smashi kwenye wavu wao. Siku ya mechi yetu ya kwanza na chuo kingine tukakuta wavu umefungwa kwa kipimo chetu halali. Tuliuona kama kamba ya kuanikia nguo! Kila aliyeruka alipiga kwa nguvu zake zote na mpira ukaenda zake nje. Seti ya kwanza iliisha hatujaelewa kinachotokea. Mimi peke yangu nilitoa mipira minne mfululizo, refa akaniuliza kwa upole kama nina tatizo la macho.

Tuliporudi, mwenzetu mmoja ambaye mjomba wake alikuwa na mtumbwi pale Kirumba akaja na kipande cha wavu wa sangara. Kilikuwa kimechakaa, kimeshonwashonwa kwa nyuzi za rangi tatu. Tulikikata, tukapitisha kamba ya katani juu na chini, upande mmoja tukafunga kwenye mwembe, upande wa pili kwenye nguzo ya mti. Tulikifua kwa sabuni ya unga na kukianika siku mbili, shombo haikutoka. Jua likiwaka, harufu ilifika hadi bwenini. Paka wa jikoni walikuwa wanakuja kukaa chini yake wakati wa mazoezi, wakitazama juu kama wanaosubiri kitu kidondoke. Timu ngeni zilituita Shombo, na jina likaganda. Mpaka leo ukiona mama mwenye heshima zake mjini anageuka akiitwa hivyo barabarani, ujue amepita kwetu.

Kuazima kwenyewe ndiko asili ya mchezo huu. William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Holyoke, Massachusetts, alipoubuni 1895 alichukua wavu wa tenisi akaupandisha juu kidogo ya kichwa cha mtu. Mpira ukamshinda. Alijaribu kibofu cha ndani cha mpira wa kikapu, kikawa chepesi mno; akajaribu mpira wa kikapu wenyewe, ukawa mzito mno; ndipo akaagiza atengenezewe mwingine. Siku tuliposomewa habari hiyo tulipiga vigelegele kwenye maktaba, tukafukuzwa.

Aliyetusomea, na aliyetufukuza, ni mtu mmoja: mhudumu wa maktaba, mzee aliyecheza wavu jeshini ujanani mwake, ambaye ndiye alikuwa mwalimu wetu kwa miaka yote ile bila malipo. Alikulia kwenye hesabu ya zamani, ile ya seti ya pointi 15 ambapo anayepata pointi ni upande ulioanzisha mpira tu. Tangu 1999 kila mpira una pointi yake na seti inakwenda hadi 25, yeye akijua fika. Mazoezini alituhesabia kizamani makusudi. "Pointi ya bure hapa hakuna," alikuwa anasema, na seti moja iliweza kula jioni nzima. Amestaafu, anafuga kuku Magu, na jina lake ndilo la kwanza kwenye daftari la mchango huu. Mifuko miwili ya saruji.

Safari za ugenini nitazipita haraka, maana tukianza hatutamaliza. Niseme tu kwamba vijana wa sasa wanavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, wakiwa wamelala kwenye basi. Sisi tuliokwenda Geita zamani tulisubiri pantoni, tukajipasha misuli palepale gatini, wauza samaki wa kukaanga wakishangilia kana kwamba mechi ndiyo hiyo.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Baba wa mchezaji wetu mmoja, mtu wa Misungwi, alikuja chuoni kwa miguu yake kutuambia kwamba binti amempeleka kusoma, hakumpeleka kurukaruka na bukta. Tulimpa kiti na soda. Kisha tukamweleza kwamba wavu wa wanawake uliingia Olimpiki Tokyo 1964, dhahabu ikachukuliwa na Wajapani, na wengi wa wasichana wale walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nichibo kule Kaizuka. Kutwa kazini, usiku mazoezini. Tukamwambia kuhusu majirani zetu wa Kenya, Malkia Strikers, waliofika Olimpiki 2000, 2004, tena Tokyo 2020 na tena Paris 2024. Hakutikisika. Kilichomtikisa ni Nebraska. Hiyo ni timu ya wavu ya wanawake ya chuo kikuu huko Marekani, timu ya chuo kama sisi, iliyoanza 1975. Tarehe 30 Agosti 2023 ilicheza kwenye uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani pale chuoni kwao, na watazamaji walikuwa 92,003.

Mzee akauliza, "Na hao wote walilipa kiingilio?"

Tukamjibu ndiyo, tiketi ziliuzwa.

Akanywa soda yake taratibu. Kisha akauliza binti yake anacheza nafasi gani.

Sasa nije kwenye zege. Uwanja wetu wa kwanza ulijengwa jengo. Wa pili ukawa maegesho ya magari. Tunaochezea sasa ni udongo mtupu: kiangazi unachimbika na kokoto zinachomoza, masika unateleza kama sabuni, na mistari ya chokaa tunayochora asubuhi inakuwa imefutika kabla ya mechi ya jioni. Mwaka jana mpangaji wetu wa mipira, binti anayeweza kukuletea mpira mbele ya wavu kama anakukabidhi sahani, alitua kwenye shimo, goti likageuka. Anatembea, namshukuru Mungu. Kuruka bado.

Safari hii kipande cha ardhi tumepewa kwa barua yenye mhuri, na nakala ipo kwa yeyote anayetaka kuisoma kabla ya kutoa hata mia. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9, ukiongeza mita 3 za kukimbilia kila upande unapata 24 kwa 15, yaani mita za mraba 360. Fundi amepiga hesabu ya jamvi la sentimita 10: mita za ujazo 36 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, hiyo ni mifuko 230 hivi ya saruji; ameongeza 10, tuseme 240. Mchanga ni mita za ujazo 16, kokoto mara mbili yake. Nguzo mbili za chuma, za kuweza kushushwa na kupandishwa ili pasiwe tena na ugomvi wa sentimita 19. Uwanja utaelekezwa kaskazini na kusini, maana jua la jioni likizama upande wa ziwa humpofusha anayepokea.

Kuna walioniuliza kwa nini tusijenge ukumbi. Ningependa. Lakini sitawadanganya: ukumbi ni ndoto ya wajukuu zetu, na mimi nataka nione kitu kabla magoti yangu hayajaisha. Zege ni gumu kwa magoti, hilo pia kweli, ndiyo maana jozi 14 za vilinda magoti zimo kwenye bajeti na hatutaziondoa hata saruji ikipanda bei.

Kwa hiyo hatuombi shilingi kwa jumla jumla, tunaomba mifuko. Mmoja, kumi, au watatu mshirikiane mmoja. Ukitaka kutoa fedha, toa bei ya mfuko ya siku hiyo kwenye duka la mtaani kwako. Namba ya kutumia ni ileile ya mweka hazina mliyonayo tangu michango ya jezi. Ukipata ujumbe wenye namba nyingine, hata kama umeandikwa jina langu, usitume. Kila mchango una stakabadhi, na daftari liko wazi kila Jumamosi kwenye mazoezi.

Kokoto tayari zimeanza. Mama wa mmoja wa wachezaji wa sasa anaponda mawe kwa nyundo kwenye moja ya milima yetu hii ya jiji, na ada ya binti yake imetoka hapohapo. Nilikwenda kumsalimia wiki iliyopita. Akaniongoza nyuma ya nyumba, akanionyesha fungu limefika kiunoni, limefunikwa turubai, na juu yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: WAVU. Nilimwambia wabeja, asante ya Kisukuma, nikashindwa kuongeza neno.

Tunamwaga zege Septemba, kabla ya mvua za vuli, kuanzia saa 12 asubuhi. Uji na viazi vitakuwepo. Mwenye chepe aje nalo, maana mpaka sasa tunayo matatu.