Kabla fundi hajaikata chasisi

Dodoma, Julai

Ndugu yangu,

Mbukwenyi! Shemeji na watoto hawajambo huko Morogoro? Sisi wazima, ila baridi na upepo huu wa Julai tu. Nimekaa kimya tangu Pasaka, unisamehe. Nakuandikia kwa ajili ya pikapu, maana kwenye mambo ya kuchomelea sina mwingine ninayemwamini.

Ubovu wake mwingine unaujua. Asubuhi haiwaki hadi tuisukume, zile plagi za kupasha moto injini zimekufa tena. Rejeta inavuja, kioo cha kushoto hakipandi, vumbi lote la njia ya Hombolo linaishia kabini. Hayo ni ya uzee, nimeshayazoea.

Sasa sikia hili. Tangu Februari mlango wa kulia haukuwa ukifunga mpaka uunyanyue. Halafu mama Neema akaniuliza, mbona bodi inaachana na kabini? Nikaenda kuangalia. Juu mkono wangu mzima unapita, chini hata kidole hakipenyi. Fundi wa kwanza akasema springi zimechoka, akaongeza jani moja kila upande na kubadilisha bushi. Nikalipa. Nilipopakia kreti za zabibu, mkia ukalala vilevile.

Jumamosi nikampelekea yule fundi wa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Hakufungua hata nati. Aliingia uvunguni na nyundo ndogo, akaigonga chasisi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari zima, kuanzia mbele, taratibu, huku ametega sikio. Ting, ting, ting. Alipopita kabini mlio ukafa, ikawa kama anagonga debe lililojaa mchanga. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu, ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa yakamwagika maganda mekundu, membamba, yangejaza kikombe. Na nje rangi nyeusi niliyoipaka mwenyewe bado inang'aa!

Ni chumvi, ndugu yangu. Unakumbuka aliyeniuzia alisema mwenye gari wa mwanzo alikuwa anabeba chumvi Bagamoyo? Nilijua ukavu wa Dodoma utaisaidia. Kumbe ile chasisi ina uwazi ndani. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye matundu yake yanabaki humo, na chuma kinaliwa toka ndani kuja nje. Ukiona kutu nje, ndani kumeshaisha. Nikikumbuka tulivyowapakia wazee nyuma kwenda ule msiba wa Kondoa, usingizi unakata.

Fundi anataka kuivisha bati nene pande zote mbili, achomelee, kazi ya siku tatu. Nimemwambia asiguse kwanza. Hofu yangu ni kwamba bati jipya litashikiliwa na nini, kama chuma chenyewe kimeoza? Shemeji wa Nzuguni anasema nitafute chasisi ya gari lililogongwa, Dar zipo. Lakini namba ya chasisi ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, sitaki kuja kusimamishwa barabarani nianze kujieleza. Na zabibu za Agosti ndizo hizo, nimeshawaahidi watu wa Hombolo. Kukodi gari la mtu kutanila faida yote.

Lakini zabibu zinaweza kubebwa na mwingine. Kinachonikosesha raha ni ile bisibisi. Ilizama bila nguvu kabisa.

Unaweza kuja siku moja tu? Panda treni ya umeme, nauli nitakurudishia, nitakupokea stesheni. Kama huwezi, niambie: kutu ikatwe hadi wapi ndipo ufike kwenye chuma kizima? Bati liwe la milimita ngapi? Bodi ishushwe kwanza au anaweza kuchomelea ikiwa juu? Yale matundu tuyazibe au tuyaache maji yatoke? Na yule rafiki yako aliyebadilisha chasisi ya lori, kadi aliirekebishaje?

Nijibu kabla ya Jumatatu, fundi ananisubiri.

Wako,
Baba Neema