Na sisi tuliobaki, nani anatuhesabu?

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya ukurasa wa mbele kuhusu vifo vya uzazi niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kwamba vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Nimewahi kumzika mdogo wangu na kichanga chake kaburi moja, kwa hiyo najua maana ya 104 kuliko aliyeiandika. Kilichonikera ni pale mlipomalizia kwamba akina mama hao sasa wanarudi nyumbani salama. Mwandishi wenu alimsindikiza nani hadi nyumbani?

Nimekaa kimya miaka minane. Basi.

Binti yangu aliolewa na mvuvi wa dagaa, kisiwani. Mwaka 2017, mimba yake ya kwanza ilipokaribia, nilifunga kizimba changu pale soko la dagaa la Mwaloni Kirumba nikavuka kwenda kumwangalia. Uchungu ulimshika Jumanne asubuhi. Jumatano jioni ndipo zahanati ikasema mtoto amekwama, apelekwe Mwanza kwa upasuaji. Kwa nini hawakusema Jumanne usiku, sijajibiwa mpaka leo. Boti ya wagonjwa haikuwapo. Tukamlaza kwenye mtumbwi wa mumewe juu ya turubai la kuanikia dagaa, mimi nimeshika karabai, na katikati ya ziwa injini ikazima. Mkwe wangu alivuta ile kamba mpaka viganja vikachubuka. Inashika, inakohoa, inazima. Binti yangu alikuwa akiniita mama, mama, halafu akaacha kuniita. Tulifika kunakucha. Wakampasua, wakamwongezea chupa nne za damu, mtoto akatoka hakulia. Alilia baadaye sana, wakatupongeza. Kwenye hesabu yenu, Mhariri, hapo mna mama mzima na kizazi hai kimoja. Huyo kizazi hai ana mtindio wa ubongo. Ana miaka minane na hajawahi kukaa bila kuegemezwa. Mama yake, niliyemlea Mwaloni palepale akilala juu ya magunia, Mwaloni hapakanyagi tena. Asubuhi mitumbwi inapoingia na injini zile zikikohoa, anakimbia hadi barabarani bila viatu, kanga imebaki nyuma. Majirani walisema mapepo. Tumeombewa, na sadaka nimetoa. Mumewe injini aliiuza kwa bei ya kutupa, siku hizi ni kibarua kwenye mitumbwi ya wenzake. Huja wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, anakaa nje juu ya ndoo, anamlisha mwanawe uji kijiko kwa kijiko, anaondoka. Habari ya mtoto wa pili hajaitaja. Habari ya usiku ule hajaitaja. Mimi nikiitaja, anasimama kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Kliniki walimwona, nisiwasingizie. Siku ya 42 baada ya kujifungua, mshono umefunga, mtoto ameongezeka uzito, asante, mwingine. Kama analala hakuulizwa. Mimi niliyembeba mtoto niliambiwa, bibi subiri nje.

Nimesomewa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mama siku 84, baba siku tatu. Tatu! Maziwa yenyewe huwa ndiyo kwanza yanatoka. Na hizo ni za walioajiriwa. Mkwe wangu likizo yake hupewa na mwezi. Bibi hayumo popote.

Na makonda wa daladala niwaseme hapahapa, maana sijui nitaandika tena lini. Mjukuu sasa ni mzito, mgongoni hakai, na kila wiki nampeleka mazoezi ya viungo. Wananitoza siti mbili kwa sababu miguu yake haikunjiki. Juzi mmoja akaniuliza, hivi bibi, huyu huwezi kumwacha nyumbani? Nilishuka Mabatini kwa hasira, nikatembea na mtoto hadi mikono ikafa ganzi. Nauli hakurudisha. Ndiyo, Daraja la Kigongo–Busisi tumelipata mwaka 2025, kilomita tatu za kuringia, tunashukuru. Ila watu wa visiwani hawatajengewa daraja, na uchungu haujui ratiba ya boti.

Ninachotaka si kikubwa. Kila kliniki ya mama na mtoto iwe na daftari la mistari na benchi moja lenye egemeo. Aulizwe mama, aulizwe baba akifika, aulizwe na aliyembeba mtoto: unalala? Ukisikia nini unashtuka? Waandike, hata kama dawa hawana. Daftari na kalamu nitanunua mimi, pesa ikipungua nitalipa kwa dagaa.

Na mkiona vema kumtuma mwandishi wenu aje ajionee huko kurudi salama, karibu. Aje saa nane mchana, mitumbwi ikiwa imetulia. Bodaboda aiache barabarani, aingie kwa miguu.

Muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza